Maji katika mabomba ya boila ya gesi: namna ya kujua yametoka wapi na namna ya kuyaondoa

Kabla hujanunua silikoni, weka kopo chini ya mahali panapotona na uandike saa. Ushauri huu unaweza kuonekana mdogo kwa mtu ambaye dari yake imeshatoka doa la rangi ya chai, lakini kwa muda wote niliofunga na kutengeneza hita za maji za gesi mjini Kampala, pamoja na boila chache za nyumba za wageni huko Kabale na Kisoro, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, sijaona kosa linalorudiwa kama la kuziba tone bila kujua limetoka wapi. Mabomba ya boila hupata maji ya aina tatu: maji ya mvua yanayoingia kutoka nje, maji yanayozaliwa na gesi yenyewe inapoungua, na umande wa hewa ya nyumbani unaojikusanya juu ya bomba lenye baridi. Kila aina ina saa zake za kutona, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya nyingine.

Kwa neno boila hapa ninakusudia chombo chochote cha nyumbani kinachopasha maji kwa gesi na kutoa moshi wake nje kwa bomba, kiwe ni hita ndogo ya ukutani inayopasha maji yanapopita, au boila kamili yenye mabomba mawili, moja la kuvuta hewa na jingine la kutoa moshi. Boila kamili zilibuniwa kwa ajili ya nchi za baridi kama Uingereza, Ujerumani na Kanada, ambako zinapasha hata vyumba, na ndiyo maana vitabu vyake hujaa maonyo ya barafu yasiyotuhusu. Yanayotuhusu yamo humo humo pia, isipokuwa mara nyingi kitabu hutupwa pamoja na boksi siku ya kufunga chombo. Kama chako bado kipo, kitafute sasa, kwa sababu kipimo nitakachokitaja hapa kikitofautiana na cha mtengenezaji, cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa.

Moto unavyozaa maji

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba moto unatoa maji, ilhali kila anayepika kwa gesi ameshaona ukungu chini ya sufuria baridi iliyobandikwa jikoni sasa hivi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, na ndani ya gesi hizo mna haidrojeni ambayo hugeuka maji inapoungana na oksijeni ya hewa. Kilo moja ya gesi ikiungua yote hutoa takriban lita 1.6 za maji, kwa hiyo kilo 12.5 za gesi hutoa kiasi cha jerikeni nzima ya lita 20. Hita ya ukutani yenye uwezo wa lita 10 kwa dakika hula kiasi cha robo kilo ya gesi mtu anapooga kwa dakika 10, na katika muda huo hupeleka bombani mvuke wa takriban mililita 400 za maji. Mvuke huo hauna ubaya wowote mradi utoke nje ukiwa bado ni mvuke. Ukigusa ukuta wa bomba uliopoa chini ya nyuzi 50 hadi 55 hivi za Selsiasi, hugeuka matone papo hapo.

Matone hayo si maji safi. Yameshafyonza kaboni dioksaidi na oksidi za naitrojeni zilizomo katika moshi, na kwa hiyo yana asidi, kwa kawaida pH kati ya 3 na 5, uchachu usiopishana sana na ule wa nyanya. Asidi hiyo ni dhaifu mkononi lakini haina haraka: hula bati la zinki na kuliachia unga mweupe, huacha utando wa kijani kwenye shaba, hushusha kutu ya rangi ya chai kwenye rangi ya ukuta, na ikidondokea saruji mahali pamoja kwa mwaka mmoja au miwili, utakuta kishimo. Chuma cha pua huistahimili, na vivyo hivyo plastiki maalumu inayouzwa pamoja na boila.

Hapa ndipo inapobidi ujue chombo chako ni cha ukoo gani, maana kuna koo mbili na kanuni zake zinapingana. Boila na hita za kawaida hutoa moshi wa moto sana, mara nyingi zaidi ya nyuzi 150, na zimekusudiwa mvuke usigeuke maji kabla ya kutoka nje. Boila za kutonesha mvuke hufanya kinyume: huupoza moshi makusudi ndani ya chombo, zikachukua joto lililofichika katika mvuke, na kuyatoa maji kwa bomba dogo la plastiki lililo chini. Ukiona bomba hilo dogo pamoja na bomba la moshi la plastiki ya kiwandani, chombo chako ni cha kutonesha. Usipoliona, ni cha kawaida. Na ukikuta hita ya kawaida iliyofungwa bomba la PVC la maji taka ili lipitishe moshi, jambo nililoliona zaidi ya mara moja, funga gesi na usiwashe tena, kwa kuwa plastiki hiyo haikutengenezwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi. Italegea, itapinda, na moshi utaingia chumbani.

Kopo, saa na karatasi

Sasa turudi kwenye kopo. Kwa siku tatu au nne andika mambo matatu: lini maji yametona, kama mvua ilikuwa inanyesha, na kama boila ilikuwa inawaka. Maji yanayokuja na mvua na kuendelea hata boila ikiwa imezimwa ni ya paa au ya kifuniko cha bomba. Maji yanayoanza dakika chache baada ya mtu kufungua bafu na kukoma muda mfupi baada ya kufunga ni ya moshi. Maji yanayoonekana alfajiri, au wakati wa kupika, yakiwa yameenea kama jasho juu ya bomba zima badala ya kutoka kwenye kiungo kimoja, ni umande wa hewa ya nyumbani. Katika Kampala, wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, aina mbili zinaweza kukujia siku moja, na hiyo ndiyo sababu siku moja ya kutazama haitoshi.

Palipo na mashaka, tumia karatasi ya litmasi, ile ya maabara za shule. Ichovye katika maji ya kopo: karatasi ya buluu ikigeuka nyekundu waziwazi, hayo ni maji ya moshi. Maji ya mvua na ya umande hayaleti mabadiliko ya namna hiyo, isipokuwa yawe yamepita mahali palipolowa asidi tangu zamani. Kwa hiyo jaribu kwanza na maji mapya, si yale yaliyolala kwenye kopo lenye kutu.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu kidogo kwa sababu kinaonyesha karibu kila kitu. Niliitwa Kabale, kwenye nyumba iliyo mlimani juu ya mji, msimu wa mvua wa Septemba. Mwenye nyumba, mama mstaafu, alinipokea akiwa ameshakata tamaa. "Fundi, paa hili limenishinda. Limezibwa mara tatu." Nilimwomba anionyeshe kwanza bafu, si paa, nikafungua maji ya moto, nikapanda darini na tochi. Bomba la moshi la bati la zinki, urefu wa mita nne hivi, lilikuwa limelazwa juu ya mbao likipita darini kote kabla ya kupanda kwenye paa, bila kufunikwa na chochote, katika hewa ambayo asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Kati ya vishikizo viwili bomba lilikuwa limelegea na kufanya tumbo. Kwenye kiungo cha tatu, kwenye ncha ya skrubu, palikuwa na tone linalovimba taratibu; nilihesabu sekunde 14 kutoka tone moja hadi jingine. Silikoni ilikuwa imepakwa tabaka tatu, nyeupe, ya kung'aa na nyeusi, kila fundi na rangi yake. Nilipolitikisa bomba, maji yalisikika yakichapa ndani. Nilimwomba mama afunge bafu, na baada ya dakika chache tone likakoma, huku mvua ikiendelea kupiga mabati juu ya kichwa changu.

"Mama," nikamwambia nikiwa bado ngazini, "paa lako halina kosa lolote."

Moshi ulikuwa unapoa njiani. Silikoni haikutibu chochote. Ilichofanya ni kuyazuia maji yasitoke kwenye kiungo, yakakusanyika tumboni mwa bomba na kuendelea kulila kwa ndani. Kwa bahati hita yake ilikuwa na feni, kwa hiyo tuliweza kuiacha ile safari ya darini kabisa na kutoboa ukuta nyuma ya hita, tukapitisha bomba la chuma cha pua lisilozidi mita moja na robo. Hita isiyo na feni haiwezi kutendewa hivyo, kwani hutegemea moshi kupanda wenyewe na lazima bomba lake lielekee juu. Lile tundu la paa tuliliziba kwa bati.

Mteremko, ambao mafundi huuita slopu

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu katika mfumo wa bomba la moshi, ningekagua mteremko. Boila ya kutonesha mvuke hutaka bomba la moshi liinamie kwenye boila, ili maji yarudi ndani, yashuke kwenye sifoni, yaani kiwiko kidogo chenye maji, na kutoka kwa bomba dogo. Vitabu vya Ulaya mara nyingi hutaka nyuzi 3 za pembe, ambazo ni kama sentimita 5 kwa kila mita moja ya bomba. Vya Marekani huridhika na robo inchi kwa kila futi, yaani kama sentimita 2 kwa mita. Hita ya kawaida yenye feni na bomba linalotoka moja kwa moja ukutani kwa kawaida hutaka kinyume chake, bomba liinamie nje, ili maji machache yanayotokea wakati wa kuwasha yasirudi kudondokea kwenye vichomeo na saketi za umeme. Fundi aliyejifunza kwenye aina moja akaifunga nyingine kwa mazoea yaleyale ndiye anayeniletea kazi ya kurekebisha miezi sita baadaye.

Kupima ni rahisi. Chukua pimamaji ya sentimita 60, iweke juu ya bomba, na uinue ncha yake ya chini mpaka povu likae katikati. Ukihitaji sentimita 5 kwa mita, nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na bomba iwe sentimita 3. Pima kila kipande, si mwanzo na mwisho tu, kwa sababu bomba linaweza kuwa na mteremko mzuri kwa jumla na bado likawa na tumbo katikati. Tumbo lenye maji hupunguza njia ya moshi, feni hulemewa, na boila hujizima na kuwasha tena bila sababu inayoonekana. Mara nyingine husikika sauti ya kugugumia kama mtu anayenywa soda kwa mrija chupa ikiisha. Dawa yake ni kishikizo kila baada ya mita moja, na kimoja karibu na kila kona.

Mwelekeo wa viungo nao una maana. Katika bomba la kutonesha, mdomo mpana wa kila kipande utazame juu, kuelekea nje, ili maji yanayorudi yatiririke kutoka kipande cha juu hadi ndani ya kipande cha chini bila kukutana na ufa. Ukigeuza, kila kiungo kinakuwa kikombe kinachotega maji mpaka gasketi, ule mpira wa kuziba kiungo, ichoke. Usitumie skrubu kwenye bomba la namna hiyo, isipokuwa mtengenezaji ameziruhusu na kuonyesha mahali pake, na usipake grisi ya gari kwenye gasketi, maana huvimbisha mpira. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha kulainisha.

Kwa hita ya kawaida ambayo bomba lake ni lazima lipande, tafuta njia fupi kuliko zote. Bomba refu hupoa. Bomba pana kupita kipimo hupoa pia, kwa kuwa moshi hutembea polepole ndani yake. Palipo na mita nyingi ndani ya dari yenye baridi, bomba la kuta mbili, au sufu ya mwamba (nyuzi za mawe za kuhifadhi joto) iliyofungwa vizuri juu ya bomba, husaidia kuliko silikoni yoyote, na chini kabisa ya bomba linalosimama huwekwa kiungo chenye kikombe cha kukusanya maji na sifoni yake. Usitumie sponji wala mpira kufunika bomba la moshi la hita ya kawaida, vitaungua. Desturi ya matumizi nayo ina sehemu yake: mtu anayefungua maji ya moto kwa nusu dakika kunawa mikono, mara ishirini kwa siku, huliacha bomba daima likiwa katika hali ya kuanza kupata joto, na hali hiyo ndiyo inayotoa maji mengi zaidi. Katika nyumba ya namna hiyo, sinki la kunawia lisiunganishwe kabisa na hita.

Bomba la kuvuta hewa

Bomba hili husahauliwa kwa sababu halina joto wala harufu, ila linapolowa, mara nyingi linatoa habari mbaya zaidi kuliko la moshi.

Tuanze na lililo jepesi. Kabale iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huweza kushuka karibu na nyuzi 10. Boila ikivuta hewa hiyo kupitia bomba linalopita jikoni, ambamo sufuria ya matoke imekuwa ikifuka tangu alasiri, mvuke wa jikoni hujikusanya juu ya bomba kwa nje kama unavyojikusanya juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hapa hakuna kiungo kinachovuja na hakuna cha kuziba. Lifunike bomba la hewa kwa ule mpira mweusi wa mabomba ya viyoyozi, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi kama yale ya Nabugabo mjini Kampala, na ufunge maungio yake kwa gundi au utepe bila kuacha mwanya, kwa sababu hewa yenye mvuke hupenya hata kwenye ufa mwembamba. Kisha fungua dirisha la jikoni wakati wa kupika.

Maji yaliyo ndani ya bomba la hewa ni jambo jingine. Kwanza tazama kama bomba linainamia nje. Likiinamia ndani, mvua ya upepo, kama zile dhoruba zitokazo ziwani Victoria, itatiririka hadi ndani ya boila. Likiwa na mteremko sahihi na bado limelowa wakati boila inawaka, shuku kwamba moshi unarudi. Mdomo wa moshi na mdomo wa hewa vikikaribiana kuliko kitabu kinavyoruhusu, au vikifichwa kwenye kona ya kuta mbili ambapo upepo huzunguka, boila huvuta pumzi yake yenyewe. Mvuke wa moshi huingia katika bomba la hewa, hugeuka maji ya asidi, na hewa inayofika kwenye moto huwa na oksijeni pungufu, hali inayozaa kaboni monoksaidi. Dalili zake ni moto wenye ncha za njano, boila kujizima siku za upepo, na ukungu ndani ya bomba la hewa.

Katika mfumo wa bomba ndani ya bomba, ambao moshi hupita katikati na hewa pembeni, kosa huweza kuwa ufa katika bomba la ndani. Hili halionekani kwa macho. Fundi mwenye kipima gesi za moshi huchomeka kipimo katika tundu la upande wa hewa boila ikiwaka: hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, na kwa utaratibu wa mafundi wa Uingereza, ikishuka chini ya 20.6, au kaboni dioksaidi ikizidi 0.2, moshi unavuja kuingia upande wa hewa na boila haipaswi kuendelea kutumika. Usidanganywe na anayekwambia kwamba huko milimani namba hiyo hushuka yenyewe. Asilimia ya oksijeni ni ileile Entebbe na Kabale. Kinachopungua ni uzito wa hewa yote, kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na pwani, na ndiyo sababu boila ya milimani huhitaji kurekebishwa kiasi cha gesi na fundi anayefuata jedwali la mtengenezaji.

Jambo la mwisho la bomba hili ni uchafu. Nyigu hupenda kujenga vijumba vyao vya udongo ndani yake, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu la murramu huingia, kisha unyevu wa kwanza huligeuza tope linaloshika kwenye feni. Weka wavu uliotengenezwa kwa ajili hiyo, na usiweke chandarua cha mbu, kwa kuwa matundu yake madogo huziba kwa vumbi na umande ndani ya muda mfupi.

Mvua

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa mafundi wetu wa mabati wanaijua kazi. Kizuizi cha maji kinachozunguka bomba juu ya paa kiingie chini ya bati la upande wa juu na kilale juu ya bati la upande wa chini, na mpira wake uwe wa kustahimili joto, la sivyo utapasuka kabla mvua za mwaka wa pili hazijafika. Kifuniko cha juu kiwe cha aina iliyokuja na chombo. Kopo la maziwa lililokatwa na kugeuzwa huzuia mvua, ni kweli, lakini huzuia na moshi pia.

Lini usijaribu mwenyewe

Kupima mteremko, kufunika bomba la hewa, kuongeza vishikizo na kusafisha wavu ni kazi unazoweza kuzifanya boila ikiwa imezimwa na kupoa. Kufungua bomba la moshi, kugusa vichomeo au kurekebisha gesi ni kazi ya fundi wa gesi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nasi tunaijua tayari kwa misiba ya sigiri za mkaa zilizoachwa zikiwaka chumbani usiku. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu boila inapowaka, na kupata nafuu wakitoka nje, funga gesi, fungua madirisha, toka, na uende hospitali. Hita isiyo na bomba la moshi kabisa, iliyotundikwa ndani ya bafu, sina namna ya kuitengeneza, huwa naishusha.

Kwa hita isiyo na feni kuna jaribio dogo ambalo kila mwenye nyumba anaweza kulifanya. Funga madirisha na milango kama unavyofunga usiku, washa feni ya jikoni kama ipo, fungua maji ya moto, na baada ya dakika tano hivi shikilia kijiti cha udi kinachofuka karibu na mwanya ulio chini ya kofia ya moshi. Moshi wa udi ukivutwa ndani, bomba linavuta. Ukisukumwa kuelekea kwako, au kioo ukikishika hapo kikafanya ukungu, moshi wa hita unamwagika chumbani pamoja na maji yake yote, na unyevu wa ukutani unaoulaumu umetoka hapo. Zima hita na uite fundi.

Sifoni na safari ya kijijini

Boila ya kutonesha mvuke hutoa maji kila inapowaka, na maji hayo hupita katika sifoni, kiwiko kidogo ambacho sikuzote hubaki na maji ili moshi usipite njia hiyo. Bomba linaloendelea kutoka hapo liwe la plastiki, si la shaba wala chuma, na lisipunguzwe hadi mrija mwembamba unaozibwa na utelezi. Likimwaga nje, lisimwage juu ya msingi wa saruji. Chimba shimo dogo mbali na ukuta, ulijaze kokoto za mawe ya chokaa kama yale ya Tororo, na asidi itamalizwa na chokaa kabla ya kuingia ardhini. Kokoto hizo huyeyuka taratibu, kwa hiyo zitazame mara moja kwa mwaka na uongeze. Kiasi cha maji nacho ni kipimo cha afya ya boila. Ukiweka jagi chini ya bomba na kulikuta kavu baada ya nusu saa ya kuwaka, ama sifoni imeziba na maji yanapanda ndani ya chombo, ama maji yanayorudi kwenye boila ni ya moto mno na mvuke wote unatoka nje ukiwa mvuke, gesi unayolipia ikiondoka nao.

Sifoni isafishwe kila mwaka. Utakuta ndani yake tope la kijivu, na mara nyingine mdudu. Inahitaji pia kutazamwa nyumba ikifungwa kwa muda mrefu. Familia nyingi za Kampala hufunga nyumba kabla ya Krismasi zikaenda kijijini, zikarudi shule zinapokaribia kufunguliwa. Katika wiki hizo za jua maji ya sifoni hukauka, na boila ikiwashwa tena moshi hupita kwenye kiwiko kikavu na kuingia ndani. Kwa hiyo ukirudi, kabla hujafungua valvu ya mtungi, legeza sifoni, mimina maji safi polepole mpaka yaanze kutoka upande wa pili, ukaze tena kwa mkono, upitishe kitambaa kikavu kuzunguka kiungo, na ndipo uwashe.